Msaada wenu: nathamini mali za marehemu baba (Newala), na kila mtu ana bei yake

BintiKitangari (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum, na habari zenu wana Kusini wote.

Baba yetu alifariki Novemba mwaka jana, Kitangari, wilaya ya Newala. Ameacha mjane mmoja, ambaye ni mama yetu mzazi, na watoto watano: wa kiume wawili, wa kike watatu. Baada ya arobaini ukoo ulikaa kikao na wakanipendekeza mimi niwe msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo ikaniteua Januari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtoto wa pili, na kazi hii sijawahi kuishika.

Karani alinielewesha vizuri: ndani ya miezi minne nirudishe Fomu Na. V, yaani mali zote za marehemu, madeni yake yote, na thamani yake. Kuorodhesha nimemaliza kwa siku mbili. Thamani ndiyo imenikwama kooni.

Kuna shamba la mikorosho ekari 6. Kuna nyumba ya tofali za kuchoma tunamoishi. Kuna kiwanja Mtwara mjini, upande wa Naliendele, alichonunua 2012 kipindi kile cha gesi, kila mtu anakimbilia viwanja. Kuna korosho kilo 840 zilizokuwa zimeshapelekwa ghalani chama cha msingi kabla hajafa, pesa haijaingia. Bodaboda, mbuzi saba, bomba la kupulizia salfa, cherehani, vyombo vya ndani. Na chini ya kitanda chake kuna gunia lenye vinyago vitatu vya mpingo na kitu kingine ambacho nitakieleza baadaye.

Kaka yangu mkubwa anataka shamba libaki kwake. Sina ugomvi na hilo, yeye ndiye aliyekuwa akipulizia na baba. Lakini anasema tuandike milioni 8, "ni mali ya nyumbani, tusijibane wenyewe". Mdogo wetu aliyeko chuo naye kaja na simu, kasoma mtandaoni kwamba kodi ya mirathi ni asilimia 40. Tangu siku hiyo nyumba haina usingizi. Shangazi anasema tushushe bei za kila kitu, binamu mmoja anasema kile kiwanja cha Mtwara tusikitaje kabisa.

Naomba mnisaidie. Serikali inachukua kweli? Na thamani inayoandikwa ni ipi: aliyonunulia baba, ya siku aliyokufa, au ya leo? Nani anaruhusiwa kuthamini?

UmmuFatma_Lindi

Pole sana dada yangu, Allah amrehemu mzee. Usisaini chochote kwa kusukumwa. Jina litakalobaki kwenye jalada ni lako, si la kaka.

KaraniWaZamani

Pole mwalimu. Nimekaa masjala ya mahakama miaka mingi kabla ya kustaafu, nitakujibu kwa ninachokijua.

Tanzania hakuna kodi ya mirathi. Hakuna asilimia 40, hakuna hata asilimia moja inayokatwa kwa sababu mtu amekufa na mali imehamia kwa wanawe. Utalipa ada ndogo za mahakama na za usajili, basi. Kodi inakuja pale mnapouza: mkiuza kile kiwanja kwa faida, kuna kodi ya ongezeko la mtaji, na hiyo hata baba angekuwa hai angeilipa. Kwa hiyo anayewaambia mshushe bei "ili serikali isichukue" anawapoteza. Mkishusha bei serikali haipotezi kitu. Anayepoteza ni mrithi ambaye hakuchukua hicho kilichoshushwa bei.

Kuhusu kuficha kiwanja, usithubutu. Fomu ile unatamka kwamba ni taarifa ya kweli na kamili. Nimeona mirathi ikifunguliwa upya baada ya miaka kumi kwa sababu ya kiwanja kimoja kilichorukwa, na msimamizi akaitwa kujibu wakati nusu ya mashahidi wake wapo makaburini.

Thamani andika ya soko, siku aliyofariki. Yaani mtu asiye ndugu, asiye na haraka, angetoa shilingi ngapi siku ile. Si bei ya 2012, maana mwaka ule Mtwara kiwanja kilikuwa kinapanda kila wiki na baadhi ya bei zile hazijarudi mpaka leo. Ukiandika aliyonunulia baba, unaweza kukuta unampa mtu kiwanja kwa bei ambayo hakuna wa kuinunua. Makosa yanakwenda pande zote mbili.

Nachingwea_Kwetu

Sasa hiyo 40 dogo aliitoa wapi?

Mtama_Reading

Aliitoa kwetu huku. Mimi ni mtu wa Mtama, Lindi, nipo Reading, Uingereza, mwaka wa 22 sasa. Baba yangu mdogo alifia huku 2023 na mimi ndiye niliyemsaidia binti yake kujaza makaratasi, kwa hiyo hili nalijua kwa kulipitia.

Uingereza kodi ya mirathi ipo na ni asilimia 40 kweli. Lakini haikatwi kwa mali yote, inakatwa kwa kile kinachozidi pauni 325,000, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2009. Nyumba ikienda kwa watoto kuna nyongeza ya pauni 175,000. Kinachokwenda kwa mume au mke kwa kawaida hakitozwi. Na kodi yenyewe inatakiwa ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwezi aliofia, ukichelewa riba inahesabiwa.

Kuthamini kwao ni kama alivyosema mzee karani: bei ya soko huria siku ya kifo. Kuna fomu ya peke yake kwa vitu vya nyumbani, fanicha, vito, magari, picha za ukutani. Kitu kinachozidi pauni 1,500 wanataka mtaalamu akitazame. Binti yake alitaka kutumia karatasi ya bima, kwenye bima mkufu wa mama yake ulikuwa na bei kubwa. Mthamini akasema hapana: bima inaandika gharama ya kununua mpya dukani, kodi inataka bei ambayo mkufu huohuo uliovaliwa ungeuzwa mnadani. Zile bei mbili ziliachana sana.

Sebuleni kwake kulikuwa na kinyago cha ujamaa, watu wamepandana wamebebana mpaka juu, urefu kama wa mtoto wa miaka mitano. Alikibeba toka nyumbani miaka ya themanini. Sisi tulikuwa tumekiandika kwenye "mapambo mengineyo". Mthamini alikigeuza chini juu, akawasha tochi akatazama mishipa ya mti, akauliza nani kachonga na kilinunuliwa wapi. Hatukuwa na jibu. Akatuambia jina la mchongaji na risiti moja tu vingebadilisha bei yake yote. Hilo limeniuma mpaka leo, kwa sababu baba mdogo alimjua aliyekichonga, alikuwa akimtaja kila Idi, na hakuna aliyeandika.

Kwa hiyo dada, hayo yaliyomo kwenye gunia usiyapite haraka.

Na kwa wenzangu mlioko huku: tangu Aprili 2025 mtu aliyeishi Uingereza miaka 10 kati ya 20 iliyopita anahesabiwa kwa mali zake zote duniani. Hata shamba la Newala linaingia. Waambieni wazee wenu mapema.

BintiKitangari

Nimewasomea nyumbani maneno ya mzee karani na ya kaka wa Reading. Mdogo wetu ameinamisha kichwa, amekubali alisoma sheria ya nchi nyingine. Shangazi amepumua. Kaka mkubwa yeye bado, anasema kodi iwepo isiwepo, milioni 8 inatosha.

UmmuFatma_Lindi

Mwalimu, hebu nikuwekee hesabu, uipeleke kama ilivyo. Mirathi yenu mnagawa Kiislamu?

BintiKitangari

Ndiyo, wote tumekubaliana hivyo.

UmmuFatma_Lindi

Basi sikiliza. Mazishi kwanza, kisha madeni, kisha wasia kama upo na usizidi theluthi. Kinachobaki ndiyo mirathi. Mjane mwenye watoto ana thumni, moja ya nane. Zimebaki saba katika nane. Mtoto wa kiume anapata mafungu mawili, wa kike moja. Ninyi mna wawili na watatu: nne jumlisha tatu ni saba. Yaani kwenu kila kitu kinagawika kwa nane bila chenji. Mama moja, kila binti moja, kila mvulana mbili.

Tuseme mali halisi baada ya madeni ni milioni 32, na shamba peke yake ni milioni 16. Fungu moja ni milioni 4. Kaka ana mafungu mawili, milioni 8. Akichukua shamba la milioni 16 anatakiwa awarudishie wenzake milioni 8.

Sasa liandike shamba kwa milioni 8 kama anavyotaka. Jumla inashuka hadi 24, fungu linakuwa milioni 3, haki yake milioni 6. Anachukua shamba "la milioni 8" na kuwarudishia milioni 2.

Milioni 6 zimetoweka na hakuna aliyeiba kwa macho. Mama amepoteza milioni 1, wewe 1, kila dada 1, mdogo wenu 2. Mama yako mjane anamlipia kaka yako shamba. Mwonyeshe kaka hivyo, kwa upole, mama akiwepo.

MzeeWaMahuta

Binti yangu, mimi ni mkulima, nitasema la korosho tu. Zile kilo 840 usizipigie bei ya kichwani. Watu bado wana ile 3,300 ya mwaka 2018 Serikali iliponunua, wanaitaja kila mahali kama ndiyo bei ya korosho. Nenda chama cha msingi na stakabadhi, ulizia zimeuzwa mnada upi, daraja gani, na makato ni yapi. Kwenye Fomu Na. V andika kilo na bei ya mnada ule. Pesa ikishaingia, kiasi halisi unakionyesha kwenye hesabu za baadaye.

Na jiandae, atakuja mtu wa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa wakulima nje ya chama cha msingi.

BintiKitangari

Mzee wangu, ameshakuja! Anasema Julai alimpa baba laki 4 kwa makubaliano ya korosho msimu ukianza. Hana karatasi. Kumwita mwongo naogopa, kulipa naogopa vilevile.

KaraniWaZamani

Usilipe kwa aibu na usimfukuze. Mwombe mashahidi, ulizia na mama kama pesa hiyo iliingia ndani. Biashara yenyewe ya kangomba imekatazwa, naye anajua, hivyo atataka mlimalize vibarazani. Mwambie njia ni moja: aje mahakamani aseme mbele ya hakimu. Kwenye fomu unaliandika kama deni linalodaiwa, halijathibitishwa. Deni la marehemu ni zito, lakini na mali ya mayatima ni nzito pia.

Mthamini_Kusini

Nafanya kazi ya uthamini mikoa hii. Niseme mawili matatu.

Tangu Sheria ya Uthamini ya 2016, anayeitwa mthamini lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Ripoti yake ndiyo yenye uzito mbele ya mahakama au benki mkigombana. Lakini sufuria, redio na mbuzi havihitaji mthamini. Nenda mnadani au kwa wauza vitu vilivyotumika, uliza watu watatu wasiojuana, chukua ya katikati, andika tarehe na ulikouliza. Mruhusu na mrithi mwingine afuatane nawe.

Shamba la mikorosho wengi wanakosea kwa kulipiga bei kwa ekari kama shamba la mihogo. Ardhi ni kitu kimoja, mikorosho ni kitu kingine. Hesabu miti. Ikipandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inaingia kama 28 kwa ekari, kwa hiyo ekari zako 6 haziwezi kuwa na zaidi ya 170 hivi kama zilipandwa kitaalamu. Kisha itenge kwa umri na hali. Mkorosho wa miaka kumi uliopuliziwa vizuri si sawa na mkorosho wa babu uliooza moyo. Miche iliyobebeshwa, ile ya mbegu bora za kituo cha utafiti cha Naliendele, leo haina korosho ya maana lakini ina miaka mingi mbele yake, mnunuzi anayejua anailipia.

Swali moja la muhimu: ardhi ile ni ya nani?

BintiKitangari

Umegusa penyewe. Ardhi ni ya ukoo wa bibi, mama yake baba, sisi Wamakonde upande wa mama ndiyo wenye ardhi. Mikorosho mingi kapanda baba kwa mikono yake, na mama. Binamu zetu, watoto wa shangazi, ndio wapwa wa marehemu, na wanasema ardhi inarudi kwao. Babu, mjomba wake baba, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki.

Mthamini_Kusini

Basi kabla ya bei ni mipaka na umiliki. Kaa na babu na serikali ya kijiji, mwandike: ardhi ipi baba alipewa moja kwa moja, ipi alikuwa analima tu. Usithamini kisichokuwa chake. Na upande wa pili, usikubali mikorosho yake imezwe na neno "ardhi ya ukoo".

UmmuFatma_Lindi

Na jasho la mama lisisahaulike. Mikorosho aliyopanda na kupalilia yeye, na vitu vyake mwenyewe, doti za kanga, cherehani kama alinunua kwa pesa ya vitumbua, havimo kwenye mirathi kabisa. Nimeona wanawake wakirithishwa mali zao wenyewe.

BintiKitangari (mrejesho, Aprili)

Samahani kwa kimya. Mvua zilikatisha safari mara mbili.

Cherehani ni ya mama. Alifungua mtoto wa meza akatoa risiti iliyokunjwa mara nne, jina lake limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Nimeiondoa kwenye orodha. Na alikuwa ameshakubali iandikwe ya baba, "ili pasiwe na maneno".

Shambani tulikwenda saba: mimi, kaka mkubwa, binamu wawili, babu, mwenyekiti wa kitongoji na dada yangu mdogo mwenye daftari. Kila mkorosho uliohesabiwa tuliufunga kitambaa, chekundu kwa mizima, cheupe kwa mizee. Mizima 96, mizee 31, miche iliyobebeshwa 16. Tulipomaliza kaka alisimama akatazama vile vitambaa vyekundu, akasema hakujua ni mingi hivyo. Ameipulizia miaka yote, ila kuihesabu hajawahi. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwonyesha ile hesabu ya nane mbele ya mama. Hakubishana tena. Mthamini aliyesajiliwa tumemlipa kwa shamba na kiwanja tu, na shamba likatoka milioni 16 kwa kuwa babu alithibitisha ekari 4 baba alipewa ziwe zake, na mbili ni za ukoo lakini mikorosho iliyomo ni ya baba. Kwenye fomu nimeziandika mistari tofauti.

Mtu wa kangomba hajatokea mahakamani. Mama anakumbuka laki 2 ziliingia ndani, si 4. Nimeandika laki 2.

Sasa gunia. Vinyago vitatu nilivitoa mwenyewe. Viwili ni mpingo wa kweli: vizito, pembeni vina ukanda wa ule mti mweupe wa nje, na nilipofuta kwa pamba yenye maji pamba ikabaki safi. Cha tatu pamba ilitoka nyeusi, ni mti mwingine umepakwa rangi ya viatu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameshapita akataka vyote kwa elfu 30. Nikakumbuka maneno ya Reading. Nikamuuliza babu nani alichonga. Akataja jina, kijiji, na mwaka ambao baba alimpa mchongaji mbuzi mmoja na kitambaa cha suruali. Nimeyaandika yote nyuma ya picha. Vile viwili, kwa watu watatu tuliowauliza Mtwara, hakuna aliyetaja chini ya laki moja na nusu kwa kimoja.

Kile kingine ni lipiko, barakoa ya ngoma ya mila yetu Wamakonde. Mnaojua mnajua. Sikukigusa, wala sikufunua kitambaa, babu ndiye aliyekitazama akiwa peke yake. Binamu mmoja alishauri tukitafutie mnunuzi, maana alisikia barakoa za Kimakonde zina bei kubwa nje. Naomba ushauri wenu, kinathaminiwaje?

MzeeWaMahuta

Binti, ahsante kwa kutokifunua.

KaraniWaZamani

Kuuza nje vitu vya kale bila kibali kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, huyo binamu aisikie. Na mkumbusheni ile barakoa ya Kimakonde iliyoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Ilikuja kuonekana Geneva, kwenye Makumbusho ya Barbier-Mueller, na ikarudishwa nchini 2010. Miaka 26. Bei yake nje ni kubwa kweli, ndiyo maana iliibwa.

Ila kabla ya kuuliza bei, muulize babu: lilikuwa la baba, au alilitunza tu?

BintiKitangari

Nimemuuliza leo jioni. Amesema ni la ngoma ya kijiji, lilikuwa kwa baba yake, likaja kwa baba yetu kwa sababu nyumba yake haikuvuja. Baba hakuwahi kulinunua.

UmmuFatma_Lindi

Basi ni amana. Amana hairithiwi, inarudishwa kwa mwenyewe.

KaraniWaZamani

Liandike kwenye fomu usiliruke. Safu ya maelezo: kitu kimoja cha mila, amana ya kijiji, hakina thamani ya mirathi, kimekabidhiwa kwa fulani tarehe fulani mbele ya mashahidi. Babu atie dole gumba.

BintiKitangari (mrejesho, Mei)

Fomu Na. V imepokelewa wiki hii, siku tisa kabla ya miezi minne kuisha. Hakimu aliisoma yote, akauliza maswali mawili tu: kwa nini cherehani imekatwa kwa mstari, nikamwonyesha risiti ya mama, na kuhusu lile la amana, babu akasimama akajibu mwenyewe.

Kaka atachukua shamba kwa milioni 16. Zile 8 za wenzake amekubali kulipa kwa misimu mitatu ya korosho, kila baada ya mnada, fungu la mama likitangulia. Tumeandikishana. Vinyago viwili mama ameomba vihesabiwe katika thumni yake, amevipanga juu ya kabati, na ile picha yenye jina la mchongaji ameibandika nyuma yake kwa gundi.

Jana tangu asubuhi yuko shambani anafungua vile vitambaa, anavifua, anasema ni vizuri vya kufungia mboga.